Likizo yetu ya kwanza wawili tu: Lisbon

Katika miaka yote ya ndoa yetu, mimi na mume wangu hatukuwahi kusafiri bila dharura au shughuli. Tulikwenda Lamu kwa maulidi, Tanga kwa harusi za binamu zake, Malindi kwa maziko, na hata Kilwa Masoko tulifika kwa sababu shangazi yangu alikuwa akiozesha binti. Kila safari ilikuwa na mwenyeji wake, na masufuria yake, na watoto kiti cha nyuma, na mtu anayengoja zawadi. Kwenda mahali tusipomjua mtu, sisi wawili, kwa ajili ya kupumzika basi, hilo tulilifanya mara ya kwanza Novemba 2024, tulipokwenda Lisbon, mji mkuu wa Ureno.

Tangu turudi, mashoga zangu na mashemeji wananiuliza habari za viza na gharama. Nitayaeleza hayo yote. Lakini lililokuwa gumu kuliko viza hakuna anayeniuliza, nami kabla ya kuondoka sikuwa na mtu wa kuniambia, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Kwa nini Lisbon? Mume wangu ni mtoto wa Mji wa Kale, Mombasa. Amekua akicheza mpira chini ya kuta za Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga 1593 na Waomani wakaitwaa 1698 baada ya kuizingira kwa zaidi ya miaka miwili. Siku hizi ni wakala wa forodha bandarini, na tangu nimjue amekuwa na maneno yake: "Wao walikuja kwetu bila mwaliko, nami siku moja nitakwenda kuona walikotoka." Mimi sikuwa na mji moyoni. Nilitaka mahali pa kutembea kwa miguu, penye bahari au mto, na penye samaki. Tulipolinganisha bei za Paris na Roma na za Lisbon mwezi wa Novemba, wakati shule zetu zimefunga na watalii wa Ulaya wamepungua, shauri likawa limekwisha. Watoto tuliwaacha kwa bibi yao.

Sasa viza. Ureno imo katika Schengen, kundi la nchi za Ulaya zenye viza moja, kwa hiyo ombi unalipeleka kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, na hairudi hata ukinyimwa. Unaruhusiwa kuomba kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na usichelewe kupita siku 15. Jibu hutolewa kwa kawaida ndani ya siku 15, lakini kanuni zinawaruhusu kuchukua hadi 45, na hizo 30 za ziada ndizo zinazovunja harusi za watu. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, ina kurasa mbili tupu, na itaendelea kuwa hai miezi 3 baada ya siku ya kutoka kwao. Bima ya safari ni lazima, na kiwango chake cha chini ni euro 30,000.

Hizo ni karatasi tu. Wanachokitafuta ndani ya karatasi ni dalili kwamba utarudi kwenu. Mume wangu alikuwa na kazi nyepesi: barua ya mwajiri, ruhusa ya likizo, hati za mshahara. Mimi nina duka la vitambaa na mafundi wawili wa cherehani, sina mwajiri wa kuniandikia. Nilipeleka kibali cha biashara cha kaunti, ritani za kodi, taarifa ya benki ya miezi 6 na ya simu pia, kwa sababu wateja wangu wengi hulipa kwa M-Pesa. Tuliambatisha cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na barua ya shule kuonyesha kuwa inawangoja watoto Januari. Ndugu zangu mlioozeshwa na kadhi na cheti hamjawahi kukifuata, kifuateni sasa. Ndoa yenu Mungu anaijua, lakini karani wa viza anataka karatasi.

Kuna jambo moja ambalo akina mama wa chama, tunaochanga pesa na kupokea kwa zamu, lazima walisikie. Zamu yangu ya kupokea pesa za chama iliangukia miezi hiyohiyo ya maombi. Akaunti iliyokuwa ikienda polepole ikapanda ghafla, na pesa zinazoingia ghafla kabla ya viza huonekana kama za kukopeshwa ili zionekane. Shoga yangu mmoja aliwahi kunyimwa kwa namna hiyo. Mimi niliandika barua ya nusu ukurasa kueleza pesa zile ni nini, nikaambatisha nakala za daftari la chama zenye sahihi ya mweka hazina na zamu zote za mwaka. Hatukuulizwa tena.

Alama za vidole tulitolea Nairobi, kwa hiyo ukiwa pwani hesabu nauli ya treni na usiku wa kulala. Zikishachukuliwa hutunzwa miezi 59, na ukiomba tena ndani ya muda huo kwa kawaida huhitaji kuzitoa upya. Tiketi za ndege tuliziwekea nafasi kwanza, tukalipa baada ya viza kutoka. Na yupo wakala wa safari aliyetaka shilingi 40,000 ili "atuhakikishie" viza. Hakuna mtu mwenye hakikisho hilo. Mfanye akujazie fomu ukitaka, basi.

Tulipata viza, tukapanda ndege kupitia Istanbul, na jioni tukashuka Lisbon.

Nyumba tuliyokodi ilikuwa Alfama, mtaa mkongwe wenye vichochoro vilivyobanana hadi majirani wanaweza kupeana chumvi dirishani. Mtaa huu uliokoka kwa kiasi kikubwa katika tetemeko la tarehe 1 Novemba 1755, lile lililoangusha mji asubuhi ya sikukuu watu wakiwa makanisani, likafuatiwa na mawimbi ya bahari na moto. Picha za nyumba zilikuwa nzuri kweli, vigae vya buluu ukutani na kijidirisha kinachotazama mto Tejo. Picha hazikuonyesha kwamba teksi haifiki mlangoni, kwamba kutoka barabarani kuna ngazi za mawe kama za mnara wa msikiti, na kwamba ukishazimaliza nyumba yenyewe iko ghorofa ya nne bila lifti. Mume wangu alipanda na masanduku yote mawili, na usiku ule hatukuwa na nguvu hata za kutafuta chakula.

Kwa hiyo kabla ya kulipa nyumba katika miji ya namna hii, uliza mambo matatu kwa maandishi: lifti ipo? Kutoka gari linaposimama hadi mlangoni kuna ngazi ngapi? Na chumba kinapashwaje joto? Hili la tatu sisi watu wa joto hatulifikirii. Nje Novemba si baridi ya kutisha, mchana mtu anavaa sweta na koti la mvua yakamtosha. Baridi iko ndani. Nyumba nyingi za zamani za Lisbon hazina mfumo wa joto, kuta zinavuta unyevu, na saa kumi za usiku unaamka kutawadha ukiona mvuke unatoka kinywani mwako. Mwenye nyumba alituletea hita ndogo ya umeme tulipomwomba. Angalau usiku wa kwanza tusingetetemeka kama tungemuuliza mapema.

Viatu navyo. Njia za miguu za mji zimetandazwa vijiwe vya chokaa vyeupe na vyeusi, vimepangwa kwa michoro ya kupendeza, na vimesuguliwa na nyayo za miaka hadi vinang'aa. Vikilowa mvua vinateleza vibaya. Nenda na viatu vya soli ya mpira yenye meno, na vile vya kupendezea uviache nyumbani.

Nilisema lililokuwa gumu ni jingine.

Mume wangu alikuwa ameandika ratiba katika simu, saa kwa saa, tangu alfajiri hadi usiku. Ni mtu wa bandari, kontena likichelewa kutoka linatozwa, na akili yake imezoea hivyo. Ngome ya São Jorge, kanisa kuu, magofu ya kanisa la Carmo, tramu namba 28, lifti ya chuma ya Santa Justa ya mwaka 1902, majumba ya Sintra, yote yamepangiwa dakika zake. Mimi siku ya kwanza nilimfuata. Ya pili nikamfuata, lakini kimya. Siku iliyofuata tulikuwa juu kabisa, Senhora do Monte, mahali pa kutazamia mji. Mvua ilikuwa imekatika, ngome iko mbele yetu kilimani, mapaa mekundu yanashuka hadi mtoni, na pale pana benchi chini ya misonobari. Nikakaa. Akatazama saa.

"Mama Zuhura, tukichelewa Carmo watatufungia."

"Wewe nenda, Baba Zuhura. Mimi niko hapa."

"Tumekuja huku kukaa kwenye benchi? Benchi si liko hata Mombasa, Mama Ngina?"

Hatukuzungumza tena hadi usiku. Hakwenda Carmo, nami sikufurahia benchi.

Nimefikiria sana kwa nini jambo dogo vile lilituumiza kiasi kile. Nyumbani ugomvi wetu haukai kwetu peke yetu. Mama mkwe atauliza mbona chai haijanywewa, mtoto ataingia na daftari la hesabu, jirani atapiga hodi kuomba limau, na kabla ya isha hasira imeshagawanywa vipande vipande hadi haionekani. Hakuna aliyeomba radhi wala aliyeeleza, na tumeishi hivyo miaka. Lisbon hakuna aliyetupigia hodi. Tulikuwa chumba kimoja na hita moja, na ugomvi wetu mzima mbele yetu, na hakuna wa kuugawanya ila sisi.

Usiku ule ndipo aliponiambia jambo ambalo hajawahi kuniambia. Alisema pesa hizi ameziweka kidogo kidogo tangu Zuhura hajaanza shule, na hajui kama Mungu atampa safari nyingine, na kila anapoketi huona kama anaacha kitu kipite ambacho hatakiona tena. Nami nikamwambia langu. Nilimwambia sijawahi kukaa naye mahali kwa saa nzima bila mtu kumwita au kuniita, na hicho ndicho nilichokuja kukitafuta, mji wowote ungenitosha. Tulikuwa tumesafiri safari mbili tofauti kwa tiketi za ndege moja.

Tulichopatana usiku ule kilitufaa hadi mwisho, nami nakitoa kwa wanandoa wote wanaofikiria safari. Asubuhi ikawa yake na alasiri ikawa yangu, na siku nyingine tunabadilishana. Mwenye zamu ndiye anayeamua, na mwenzake anafuata bila kununa. Tukapanga pia siku moja kila mtu ashike njia yake hadi saa kumi jioni. Pesa tukaziweka pamoja, euro 70 kwa siku kwa chakula na nauli zetu sote, zikiisha zimeisha, zikibaki zinaingia siku ya pili. Kabla ya hapo kila kikombe cha kahawa kilikuwa na hesabu kimyakimya ndani yake. Mambo haya yangeweza kupatanwa Mombasa, mezani, kabla ya kununua tiketi, na ningetoa bei ya usiku ule wote ili iwe hivyo.

Siku ya kila mtu na njia yake, yeye alikwenda Carmo. Ni kanisa la watawa lililobomolewa na tetemeko la 1755, na paa la ukumbi wake halikurudishwa tena, matao yamebaki yamesimama na mbingu juu yake. Kisha akapanda feri ya Cais do Sodré kuvuka mto hadi Cacilhas, safari ya dakika kama kumi, na nadhani hapo ndipo alipofurahi kuliko kote, katikati ya watu wanaotoka kazini. Kivuko chetu cha Likoni alikuwa nacho rohoni.

Mimi nilikwenda Makumbusho ya Taifa ya Sanaa ya Kale, mtaa wa Janelas Verdes, kwa ajili ya vitambaa. Ndiyo kazi yangu, nilitaka kuona mashuka ya hariri yaliyotariziwa India kwa ajili ya nyumba za Kireno. Niliyaona, mazuri mno. Halafu katika kuzunguka nikakuta kabati la kioo lenye chombo cha dhahabu, kirefu na chembamba, kimechongwa kama mnara, na mitume kumi na wawili wamepiga magoti kukizunguka, wamepakwa rangi za kioo kijani na nyekundu. Ni chombo cha ibada ya Kikatoliki, cha kuonyeshea mkate wao mtakatifu. Maandishi yanazunguka kitako chake, na ndani ya maandishi yale limo jina la Kilwa.

Mwaka 1502 Vasco da Gama alifika Kilwa na merikebu zenye mizinga akamlazimisha mtawala wake kulipa ushuru wa dhahabu. Dhahabu ile ilifika Lisbon 1503. Mfalme Manuel wa Kwanza akaamuru itengenezwe chombo kwa ajili ya monasteri yake ya Belém, na kazi hiyo, ambayo huhesabiwa kuwa ya mfua dhahabu Gil Vicente, ilimalizika 1506. Katikati ya miaka hiyo, 1505, manowari za Francisco de Almeida ziliiteka Kilwa na kuichoma moto Mombasa.

Nilisimama pale hadi mlinzi akaja kuniuliza kama niko salama. Nimekanyaga Kilwa Kisiwani. Nimeingia katika magofu ya Msikiti Mkuu wenye makuba, nimewaona mbuzi wakilala kwenye kivuli cha jumba la kifalme la Husuni Kubwa. Waelekezi wa kule hukuambia dhahabu ilipita hapa kutoka Sofala, pwani ya Msumbiji, nawe unatikisa kichwa, kwa sababu unayoyaona ni mawe ya matumbawe na nyasi. Hii hapa sasa dhahabu yenyewe. Na kazi ya mikono yake ni nzuri ajabu, sitasema uongo, mtu aliyeifanya alikuwa fundi wa kweli. Uzuri ule na namna dhahabu ile ilivyopatikana, vyote viwili vilinishika kwa pamoja na hakuna kilichokubali kumwachia mwenzake nafasi.

Nilimpigia mume wangu simu akiwa ng'ambo ya mto. Kesho yake ilikuwa asubuhi yake, akaitumia pale. Ratiba yake haikuwa na makumbusho hayo kabisa. Alikaa mbele ya kabati lile, akapiga picha ya maandishi, akaituma kwa kaka zake wote, na ndiye niliyelazimika kumkumbusha kwamba hatujala.

Baada ya hapo nilikubali kwenda naye Belém, jambo nililokuwa nimelikataa tangu Mombasa. Vasco da Gama amezikwa kule, katika kanisa la monasteri ya Jerónimos. Kisa changu cha kukataa kinaeleweka na Mwislamu yeyote anayejua kwamba mwaka uleule wa 1502, pwani ya Malabar, India, mtu huyu aliichoma merikebu ya mahujaji waliokuwa wakirudi Makka, wanawake na watoto wakiwa ndani. Sikuona sababu ya kupanga foleni kumzuru. Lakini ukishaiona dhahabu ya Kilwa utataka kuona iliwekwa wapi.

Monasteri ilianza kujengwa mwanzoni mwa karne ya 16, na gharama yake ilitoka kwa sehemu kubwa katika ushuru wa biashara ya Afrika na Mashariki, pilipili manga na vinginevyo. Ukiingia kanisani, kaburi la da Gama liko kushoto na la mshairi Luís de Camões kulia. La da Gama ni sanamu ya mtu aliyelala, viganja vimeunganishwa kuomba, na ubavuni pamechongwa jahazi. Alifia Cochin, India, 1524, na hapa aliletwa 1880. Nguzo zinapanda kama minazi ya mawe hadi darini. Mume wangu alikuwa ameungojea wakati huo tangu utotoni, na alipofika alitazama muda mfupi tu, akaenda kukaa kwenye kiti cha nyuma. Nilipomuuliza jioni, alisema alidhani angehisi kitu kikubwa, na kikubwa alikuwa ameshakihisi Janelas Verdes.

Ushauri wangu kwa watu wa pwani yetu ni kwamba waende kote kuwili, na waanze na makumbusho. Na waisome kabla habari ya Kilwa na Mombasa ya 1505, kwa sababu ile hadithi ni yetu kuibeba.

Ijumaa tuliswali Msikiti Mkuu wa Lisbon, karibu na Praça de Espanha. Ulifunguliwa 1985, na Waislamu wengi wa mwanzo wa mji huu walitoka Msumbiji na Guinea-Bissau. Upande wa wanawake nilikaa karibu na mama mtu mzima aliyenisalimu kwa Kireno, akaona sielewi, akanijaribu kwa Kimwani, lugha ya kwao Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji. Tukaelewana! Si kila neno, lakini tuliulizana watoto, tukaulizana bei ya nazi, na akanishika mkono hadi nje kunieleza tule wapi. Nilikuwa nimekaa siku kadhaa bila kusikia sauti ya mtu mzima akiniita mwanangu, na hapo ndipo nilipojua kwamba nilikuwa nimeikosa.

Kuhusu chakula, basi, kwa wanaoswali. Nguruwe yumo kwa wingi, hata katika supu ya sukumawiki yao huwekwa kipande cha soseji. Sambusa ziko kila mkahawa, wamezipata Goa na Msumbiji, lakini usile kabla ya kuuliza nyama. Chakula halali kiko Martim Moniz na vichochoro vya nyuma yake, kwa Wabangladeshi na Wapakistani, na bei ni nafuu. Samaki wa kuchoma huna wasiwasi naye, na wanajua kumchoma. Ukikaa mezani huletewa mkate, zeituni na jibini bila kuagiza. Si zawadi, ukivila vinatozwa. Sema hapana kwa upole, virudi. Jiko za mikahawa mingi hufungwa baada ya saa tisa alasiri hadi saa moja jioni, na sisi tuliozoea kula mapema tulilala na biskuti zaidi ya tulivyopenda. Lakini Novemba mitaani wanachoma njugu kubwa za kahawia (chestnut) kwenye mikokoteni ya moshi, unapewa dazeni moja ndani ya karatasi, zinapasha mikono na tumbo kwa pamoja. Hizo tulizila kila alasiri yangu, benchini.

Tramu 28 ina msongamano na wezi wa mifukoni. Ipande asubuhi mapema kutoka mwanzo wa njia au uiache. Mitaa ya Baixa, bondeni katikati ya mji, vijana watakunong'oneza wakitaka kukuuzia bangi, pita tu. Sintra ni treni ya dakika 40 kutoka Rossio, na jumba la Pena lina tiketi ya saa maalumu, siku yetu ukungu ulilifunika hata rangi zake hatukuziona vizuri. Ukitoa pesa kwenye mashine, mashine ikikuuliza kama ikuhesabie kwa shilingi, kataa, chagua euro.

Gharama zetu kwa wiki ile: ndege za watu wawili zilifika karibu shilingi 215,000. Viza zote mbili karibu 25,000, na safari ya Nairobi pamoja na bima ilikula karibu 25,000 nyingine. Nyumba ilikuwa euro 75 kwa usiku, juu yake kodi ya jiji ya euro 4 kwa kila mtu kwa kila usiku, ambayo haikuwa katika bei tuliyoiona kwenye mtandao. Ongeza zile euro 70 za kila siku, viingilio na Sintra. Haikufika shilingi 450,000. Ni pesa nyingi, sitaifanya ndogo, na zipo nyumba ambazo zingesema tungeziweka kwenye kiwanja. Tulizungumza hilo pia, na heri tungelizungumza mapema zaidi.

Mdogo wangu na mumewe wanajiandaa kwenda, nami nimewapa masharti. Wachukue nyumba ya bondeni, Baixa au karibu na kituo cha metro, Alfama waipande wakiwa mikono mitupu. Kila mmoja anunue kadi yake ya usafiri, senti 50 tu, kwa sababu wawili hawawezi kuitumia moja. Wakae chini sasa, kabla ya viza, kila mtu aandike kwenye karatasi yake vitu vitatu anavyovitaka safarini, ndipo waonyeshane. Na Jumatatu wasipange monasteri ya Belém wala makumbusho, siku hiyo milango yote miwili imefungwa.